Masieda: Jagi la Maji Mbele ya Wageni



Safari tunayoisimulia hapa haikuwa ya matembezi. Familia kadhaa za mtaa wetu jijini Arusha ziliondokewa na wazee wao katika kipindi kisichozidi miaka miwili. Baada ya dua na mashauriano, zilikubaliana kuchangishana fedha ili kichimbwe kisima mahali penye shida ya maji, kiwe ni sadaka yenye kuendelea na thawabu zake ziwafikie marehemu. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi wilayani Mbulu, mkoani Manyara, akaitaja Masieda. Basi tukateuliwa watu wanne: mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa amiri na imamu wetu safarini, mkewe, na sisi wawili tulio mume na mke. Kazi yetu ilikuwa nyepesi kwa maneno: twende, tuchague mahali, turudi na jibu. Fedha zilikuwa tayari. Hata maneno ya kuandikwa kwenye kibao cha kisima yalikuwa yamekwisha kutungwa.

Tulirudi bila kuchagua mahali. Tunaandika haya ili wale waliotutuma, na wengine wenye nia kama yao, waielewe sababu.

Njia ya kushuka

Tuliondoka Arusha baada ya swala ya Alfajiri, tukapita Makuyuni na Minjingu hadi Babati, makao makuu ya mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Kutoka hapo tulishika njia ya Dareda. Hapo ukuta wa Bonde la Ufa umesimama mbele ya msafiri kama mlango uliofungwa, na gari hupanda kwa mizunguko hadi Bashanet. Juu kuna ubaridi, kijani, ng'ombe walionona na mashamba yaliyopangwa ubavuni mwa vilima. Nyuma yetu ulionekana mlima Hanang, nasi tukawaombea rehema waliofariki tarehe 3 Desemba 2023, pale matope na mawe yalipoporomoka kutoka mlimani na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vyake, wakapoteza maisha watu zaidi ya 80. Mzee wetu akasema kwamba tunakwenda kuwatafutia watu maji, nasi tumepita karibu na watu waliouawa na maji. Kwa hiyo tumwombe Allah maji ya rehema, yenye kipimo chake.

Tulipita Dongobesh na kulala Haydom, mji uliokua kuizunguka hospitali ya misheni ya Kilutheri iliyoanza katika miaka ya 1950. Tulipokewa na ndugu Muislamu mwenye duka, mtu wa asili ya Kondoa, ambaye ndiye aliyekubali kutuongoza siku ya pili. Waislamu si wengi katika maeneo hayo. Wenyeji walio wengi ni Wakristo au bado wamo katika mila za wazee wao. Lakini mfanyabiashara kutoka Kondoa au Singida hakosekani, na penye watu watatu wanaoswali hapakosi mkeka wa kuswalia.

Kutoka Haydom kuelekea upande wa bonde la Yaeda, nchi hubadilika mbele ya macho. Mashamba hupungua, kisha hukoma. Udongo mwekundu hugeuka kuwa wa kijivu. Miti mirefu huiachia nafasi migunga, mibuyu na vichaka vya miiba ambavyo wakati wa kiangazi havina hata jani. Si jangwa la mchanga kama lile la Bara Arabu ambalo watoto wetu hulisoma katika sira. Ni nchi kame, ambayo mvua zake zikikatika mwezi wa Mei huenda zisirudi hadi Novemba au Desemba. Sisi tulifika mwishoni mwa kiangazi. Vumbi lilikuwa limeingia katika vyakula, katika nguo na katika kurasa za msahafu.

Mahali pa mpakani

Masieda ni mahali padogo: nyumba za udongo na za matofali zilizotawanyika, baadhi zikiwa na mabati yanayowaka kwa jua, maduka machache na mti wa kivuli ambao chini yake mambo yote huamuliwa. Upande wa magharibi, si mbali, unaanza mkoa wa Singida kwa wilaya ya Mkalama, iliyozaliwa mwaka 2012 kutoka Iramba. Upande wa kaskazini limelala ziwa Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi na magadi, hayamfai mwenye kiu. Mpaka wa mikoa umechorwa kwenye ramani. Ng'ombe hawaujui, wala mvua haiujui. Lakini mkazi wa mpakani anaujua vizuri, kwa kuwa barabara na mabomba mara nyingi hukoma kabla ya kumfikia.

Upo mpaka mwingine ulio mkubwa zaidi kuliko huo wa mikoa. Wataalamu wa lugha husema kwamba katika eneo hili hukutana jamii nne kubwa za lugha za Afrika, jambo lisilopatikana kwa urahisi pengine popote. Wairaqw, ambao wengi wetu tunawaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali. Wadatoga, wafugaji, husema lugha ya Kiniloti. Wanyisanzu na Wanyiramba wa upande wa Singida ni Wabantu. Na Wahadzabe, ambao hawazidi sana watu elfu moja na ushei, husema lugha yenye sauti za kubofya ulimi, ambayo haijulikani kuwa na ndugu duniani. Katika Sura Ar-Rum, Allah anazitaja tofauti za lugha na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake kwa wenye elimu. Tulikuwa tumeisoma aya hiyo miaka mingi tukiwa mjini. Dukani Masieda tuliisikia: mtu mmoja akisalimu kwa Kiiraqw, "Saita," mwingine akijibu kwa Kidatoga, na bei ya sukari ikaulizwa kwa Kiswahili.

Jagi na sabuni

Mwenyeji wetu alikuwa mzee Mwiraqw aliyeoa katika Wadatoga. Alitupokea saa sita mchana chini ya mgunga uliokuwa mbele ya boma lake. Vikaletwa viti, likaletwa maziwa. Ndugu yetu wa Haydom alikuwa amekwisha kumweleza kwamba sisi ni watu wa swala. Wakati wa Adhuhuri ulipoingia, kabla hatujauliza, akatokea mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa au kumi, akiwa ameshika jagi la plastiki lililojaa maji, beseni, na kipande cha sabuni kwenye kisosi. Akapiga goti, kama alivyofundishwa, na kutuwekea mbele yetu.

Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo.

Mzee wetu hakulishika jagi. Alimwuliza mtoto kwa upole, "Mjukuu wangu, maji haya mmeyatoa wapi?"

"Korongoni, babu."

"Nani aliyachota?"

"Mama na mimi, na punda."

"Leo?"

"Jana. Leo si zamu yetu. Zamu yetu ni kesho alfajiri."

"Na nyumbani yamebaki mangapi?"

Mtoto akamtazama babu yake, asijibu. Mke wa mzee wetu akanyanyuka, akaingia ndani kuwasalimu akina mama, na aliporudi akatunong'oneza: lipo dumu moja la lita 20, nalo halijajaa, na watu wa nyumba hiyo ni saba, pamoja na ndama wawili.

Hapo tulikwama. Kuyakataa maji ya mwenyeji ni kumvunjia heshima. Katika nchi kavu hakuna ukarimu unaolipita jagi la maji. Kuyatumia ni kunywa kiu ya watoto wake. Kila mmoja wetu, tukiwa wanne, angetawadha kama tunavyotawadha nyumbani, jagi lisingetosha, na wangeletewa wageni jagi la pili bila manung'uniko.

Mzee wetu akamgeukia mwenyeji na kusema, "Mzee mwenzangu, umetukirimu, na Mungu akulipe. Lakini dini yetu ina sharti. Maji yanayohitajiwa na mwenye kiu, awe mtu au mnyama wake, sisi hatutawadhii. Tumeruhusiwa udongo."

Kisha akalitafuta vumbi safi pembeni mwa ua, akapiga viganja vyake na kupaka uso, akapiga tena na kupaka mikono, nasi tukafuata. Tukaswali Adhuhuri rakaa mbili, tukatayamamu upya, kwa kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi kila swala ya faradhi ina tayamamu yake, tukaswali Alasiri rakaa mbili. Mwenyeji alitutazama toka mwanzo hadi mwisho. Tulipotoa salamu akauliza kama tumechukizwa na rangi ya maji.

Tulimwambia hapana, tukamhadithia kisa cha Bibi Aisha (radhi za Allah zimshukie). Alikuwa safarini pamoja na Mtume (rehema na amani zimshukie) pale kidani chake kilipopotea. Msafara ukasimama kukitafuta mahali pasipo maji, nao wenyewe hawakuwa na maji. Watu wakalalamika, na baba yake Abubakar akamkaripia. Asubuhi ilipofika ikashuka aya ya kutayamamu. Usayd bin Hudhayr akasema kwamba hiyo si baraka ya kwanza kutoka katika nyumba ya Abubakar. Na ngamia aliponyanyuliwa, kidani kikaonekana chini yake.

Mwenyeji akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe dini yenu imewahi kuishi nchi kama hii." Kisha akamwagiza mjukuu wake alirudishe jagi ndani, na tuliona jinsi mtoto alivyolibeba: kwa mikono miwili, polepole, asimwage hata tone.

Korongoni alfajiri

Siku iliyofuata akina mama wetu wawili walifuatana na watu wa nyumba ile kwenda korongoni, nasi wanaume tukawafuata kwa nyuma baada ya swala. Korongo ni mto wakati wa masika. Wakati wa kiangazi ni njia ya mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga maji hubaki. Akina mama huchimba shimo hadi mchanga uwe mbichi, kisha hungoja. Maji huchuruzika kidogo kidogo, nao huyachota kwa kikombe na kuyatia katika dumu. Dumu moja huweza kuchukua muda mrefu kuliko khutba ya Ijumaa na swala yake.

Kila shimo la maji ya watu lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba. Mashimo ya kunyweshea mifugo yalikuwa mbali, upande ambao korongo linashukia, ili uchafu usirudi juu. Na zamu zilikuwa zinajulikana bila karatasi: leo nyumba hizi, kesho nyumba zile. Mzee wetu akasimama kwa muda mrefu akiitazama ile miiba. Akatwambia kuwa mafaqihi wetu waliandika mlango mzima juu ya harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo hairuhusiwi kulijengea, kulichimba wala kulitia najisi, ili kisima kisiharibike na watu wasidhurike. Sisi tuliisoma katika vitabu. Hawa wameiweka kwa miiba.

Kutoka korongoni tulipelekwa kwenye kitongoji kimoja kuona kitu ambacho mwenyeji hakutaka kutueleza kabla hatujakiona. Ilikuwa ni pampu ya mkono juu ya sakafu ya saruji, na kibao chenye majina ya waliojitolea. Mkono wa pampu haukuwepo. Juu ya sakafu mbuzi walikuwa wamelala kivulini.

Tuliuliza ilifanya kazi kwa muda gani. Walioizunguka wakabishana kidogo, wakakubaliana kwamba haikumaliza miaka mitatu. Kwanza maji yake yalikuwa na chumvi, hivyo walio wengi waliwanyweshea mifugo tu. Kisha kifaa kimoja cha ndani kikakatika, na hapakuwa na mtu aliyefundishwa kukitengeneza, wala fedha iliyowekwa, wala anwani ya kupeleka habari. Mwenyeji wetu akasema neno ambalo bado tunalo masikioni: "Mgeni akichimba, huondoka na picha. Sisi hubaki na shimo."

Neno la mrina asali

Mchana huo, chini ya mti wa mashauri, mzee wetu alieleza nia yetu waziwazi, akaomba kusikia maoni. Wairaqw walisema kisima kiwe karibu na nyumba na shule. Wadatoga walisema kiwe karibu na njia ya mifugo, kwa kuwa ng'ombe ndio maisha yao. Wote walikuwa na haki. Kisha akasema mtu mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa kando, Mhadzabe aliyekuja dukani kubadilisha asali kwa unga. Alisema kwa Kiswahili kifupi:

"Mkiweka maji kule bondeni, ng'ombe watakuja na hawataondoka. Ng'ombe wakikaa, nyasi zitakwisha. Wanyama watahama, na mizizi tunayochimba itakanyagwa. Maji yenu yatakuwa mazuri. Sisi tutaondoka."

Hakuna aliyemkatiza. Tulitazamana. Katika vikao vyetu vyote vya Arusha, tulivyokaa tukihesabu michango na kuchagua maneno ya kibao, hakuna aliyefikiri kwamba maji yanaweza kumfukuza mtu. Lakini katika nchi kame ndivyo ilivyo. Ukavu wenyewe ndio ratiba ya malisho: mahali pasipo maji wakati wa kiangazi hupumzika, na mahali palipopumzika ndipo panapowalisha wanaoishi kwa mizizi, matunda ya mibuyu, asali na mawindo. Ukikitia kisima cha kudumu mahali hapo, umebadilisha nani anaishi hapo. Ndiyo maana mwaka 2011 baadhi ya Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipopatiwa hati za haki miliki ya kimila kwa ardhi yao kama jamii, lilikuwa jambo kubwa kwao. Na ndiyo maana vijiji huandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, ikionyesha pa kulima, pa kuchungia na pa kuacha. Kisima kisichouliza mpango huo huweza kuuvunja kwa siku moja.

Usiku ule tulikaa tukisomeshana. Tulikumbuka kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alipoulizwa na Saad bin Ubada, aliyefiwa na mama yake, ni sadaka ipi iliyo bora, alimtajia maji. Tulikumbuka onyo lake kali kwa mtu mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Tulikumbuka pia mafundisho kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Hayo yote yalitusukuma kuchimba. Lakini mzee wetu akatukumbusha kanuni ambayo mafaqihi wameiweka juu ya mambo yote ya manufaa: kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuleta maslahi. Na washirika watatu wakitajwa pamoja, maji, malisho na moto, haifai kumtajirisha mmoja kwa kumnyang'anya mwingine.

Kisima kilichodumu

Tunapenda kuwasimulia watoto wetu habari ya kisima cha Ruma mjini Madina. Maji matamu yalikuwa machache, na mwenye kisima hicho alikuwa akiyauza. Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakifanya waqfu kwa Waislamu. Husimuliwa kuwa ndoo yake humo haikuwa na haki zaidi ya ndoo ya mtu mwingine. Kwa kawaida tunaishia hapo, kwenye kununua. Yafaa tuendelee mbele: alinunua kisima ambacho maji yake yalikuwa yanajulikana kuwa matamu, kwa watu waliokuwa wanakihitaji, akakiacha katika mfumo wa waqfu, ambao lazima uwe na msimamizi na matengenezo. Vivyo hivyo mfereji uliojengwa kwa mali ya Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun ar-Rashid, kuwapelekea maji watu wa Makka na mahujaji. Uliishi karne nyingi kwa sababu kila kizazi kilikuwepo mtu wa kuuzibua na kuukarabati. Kuchimba ni siku moja. Kutunza ndiyo sadaka yenye kuendelea.

Katika nchi yetu pia upo utaratibu. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, upo Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na vipo vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii vinavyokusanya mchango mdogo, kuajiri fundi na kutunza mradi. Mfadhili anayeingia kijijini bila kupitia huko huacha kitu kisicho na mwenyewe.

Lipo na jambo la afya. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, yakiwemo Arusha, Manyara na Singida, maji ya ardhini huweza kuwa na madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto huwa ya kahawia na mifupa huweza kupinda. Floraidi haionekani wala kuchemsha hakuiondoi. Huyapunguza maji tu, nayo ikabaki. Ni maabara peke yake inayoweza kusema. Basi yawezekana mtu mwema akachimba kisima chenye maji meupe kama kioo, akawanywesha watoto wa wengine madhara kwa jina la baba yake aliyefariki. Allah atuepushe.

Tuliporudi

Kikao cha Arusha hakikuwa chepesi. Wapo waliosema tumepoteza nauli. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alituuliza kwa uchungu, "Hizi fedha zitakaa hadi lini, na yeye yuko kaburini anangoja?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia tu habari ya mtoto na jagi, na ya mrina asali. Akanyamaza kwa kitambo. Kisha akauliza kama kile kibao cha pampu iliyovunjika kilikuwa bado kinasomeka. Tukamwambia kinasomeka. Akasema, "Basi cha kwetu kisiandikwe jina. Jina lake Allah analijua."

Tukaafikiana hivi. Kwanza, hakuna kitakachochimbwa kabla ya wataalamu wa maji wa wilaya kupima ardhi na maji yenyewe. Pili, mahali pa kisima patachaguliwa na mkutano wa kijiji ambamo wakulima, wafugaji na Wahadzabe wote wameitwa na kusikilizwa, kwa kufuata mpango wa ardhi. Tatu, maji yakionekana hayafai, fedha zitajenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la shule au zahanati, ambalo halimhamishi mtu yeyote. Nne, fungu moja la fedha halitaguswa. Litakuwa la vipuri na mafunzo ya vijana wawili wa hapo hapo, mvulana na msichana.

Na kwa familia zetu wenyewe tuliweka jambo la tano. Imepokewa kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga josho kwa pishi. Mudi ni kibaba kile kile tunachokijua katika zaka ya fitri, takriban robo tatu ya lita. Na pishi ni vibaba vinne, chini kidogo ya lita tatu. Jaribuni nyumbani: mweke mtoto beseni chini ya bomba atawadhe kama kawaida yake, kisha pimeni kilichojaa. Katika nyumba moja ya kwetu beseni lilipata zaidi ya lita sita. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeshtuka. Sasa anatawadha kwa kikombe, na amekipa kikombe hicho jina: Masieda.

Mwishoni mwa Sura Al-Mulk, Allah anatuuliza ni nani atakayetuletea maji yanayobubujika iwapo maji yetu yatadidimia ardhini. Sisi wa mjini huisoma kama swali la Akhera. Kule korongoni ni swali la kila alfajiri.

Hadi tunaandika haya, kisima hakijachimbwa. Tunawaomba wasomaji dua kwa ajili ya marehemu wetu, kwa ajili ya watu wa Masieda wa lugha zote, na kwa ajili yetu, ili haraka ya kutafuta thawabu isitusahaulishe wale tunaozitafutia kwao.